Kipande cha Tuta Tulichoachiana

Makokha,

Salamu sikupi. Asubuhi umenipita jikoni na ndoo yako ya maji ya kuoga kama mpangaji, na chai niliyokumiminia imekaa mezani mpaka ikafanya ngozi juu. Sasa umeenda Ekero kuaga marafiki zako, na najua mnazungumza habari za nani huko. Nimechukua kalamu kwa sababu tukianza kwa mdomo tutaishia pale pale tulipoishia Jumapili, wewe umesimama mlangoni na mimi natafuta kitu cha kukurushia.

Mambo ya sweta sitakuandikia. Lugari ni baridi na wewe si mtoto. Kuamka mapema pia sikukumbushi, maana mwanamume anayeenda kukaa kwa shemeji yake huamshwa na aibu kabla ya jogoo. Hayo yote unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na sufuria za watu.

Nimekasirika. Naliweka wazi mapema ili usiende ukiwaambia watu kwamba mama alikuwa na huzuni kidogo. Nimekasirika kwamba wewe, fundi wa mawe na saruji, uliyesomeshwa na miwa ya shamba hili, unaenda kushika jembe katika mahindi ya Wesonga, mume wa dada yako. Nimekasirika kwamba alipokupigia simu ulikubali bila hata kuja kunidanganya kwamba unataka ushauri wangu. Na zaidi ya yote nimekasirika kwa lile swali uliloniuliza Jumapili mbele ya jirani, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayemuuliza mtoto kwa nini amevunja kikombe: "Kwani mama, huo mkono ungekatika?"

Nilikufukuza jikoni. Basi jibu ni hili, na kwa kuwa ni refu, lisome ukiwa umekaa.

Wewe hukuwepo. Wote ambao hawakuwepo wana maneno mengi sana kuhusu siku ile. Ulikuwa Kakamega mjini kwenye mjengo, na hadithi uliipata kwa simu, kipande kutoka kwa dada yako Rispa na kipande kutoka kwa vijana wa stendi, ambao hata mtoni huwa hawafiki. Kwa hivyo acha nianze na tetemeko, na usirukeruke kurasa.

Ilikuwa alasiri, nachambua mboga nje. Vyombo vikaanza kugongana kabatini, mabati yakalia kama mtu ameyamwagia kokoto, maji yakacheza ndani ya pipa. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni trekta la miwa. Sisi tunaoishi kando ya barabara hii tumezoea nyumba kutikisika, hata picha ikianguka ukutani tunamlaumu dereva. Sikuinuka. Niliendelea na mboga zangu mpaka nikaona ng'ombe anavuta kamba kama anataka kujinyonga, ndipo nikatazama barabarani na kukuta hakuna trekta wala baiskeli. Likaisha. Tukapigiana simu, tukacheka, na mhubiri akapata mahubiri ya mwezi mzima.

Kesho yake wanawake waliokwenda mtoni walirudi na ndoo tupu. Tuta lilikuwa limepasuka. Ni hili hili tuta ambalo baba yako na wenzake walilijenga kwa majembe na karai kabla hujazaliwa, ili Nzoia isije ikalala kwenye mashamba yetu. Walilipiga udongo tabaka kwa tabaka kama watu wanaokandika nyumba, na mimi nikiwapelekea uji. Sasa ufa ulikuwa umepita juu yake kwa urefu, mahali pengine unaingiza mkono hadi kiwiko na hugusi mwisho. Na katikati, kati ya shamba letu na la Wesonga, lilikuwa limebonyea kama kitanda kilichokatika kamba. Chini yake, upande wa mashamba, palikuwa na vilima vidogo vya mchanga mweupe, ungedhani fuko wamepita. Mchanga ule ulisukumwa na maji kutoka chini wakati ardhi ilipotikisika. Maana yake ni kwamba tuta lilikuwa limeharibika mpaka tumboni, lakini hilo tulikuja kuambiwa baadaye.

Na usiniletee ile methali ya ufa na ukuta. Kila aliyekuja kututazama, kuanzia mzee wa kijiji hadi wale waliotoka ofisini na viatu vyao vya mpira vipya, aliitamka kama ameitunga mwenyewe njiani. Walipiga picha, wakanywa soda, wakaenda zao.

Mzee wa kijiji ndiye aliyegawa kazi. Kila boma lizibe mbele ya shamba lake. Kwa wengine lilikuwa jambo jepesi, ndugu akakutana na ndugu, jirani na jirani, wakamaliza pamoja na kunywa chai. Lakini mimi niliyepakana naye alikuwa mkwe wangu.

Wewe mila unaiona kama nguo kuukuu ya bibi. Lakini umekula katika nyumba hii tangu dada yako aolewe na uliona tulivyoishi. Mama mkwe na mkwe wake kwetu hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Nikimwona anakuja njiani, mimi naingia kwenye miwa. Akiniona yeye, anageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Wenzangu wakwe zao wako mbali, wanaheshimiana kwa raha kwa sababu hawaonani. Mimi wangu nilikuwa namsikia akikohoa. Ng'ombe wake akiingia kwangu, namwambia mjukuu wangu Brian, "Mwambie baba yako afunge ng'ombe," na baba mwenyewe amesimama hapo hapo ng'ambo ya ua akisikia kila neno. Naye anamjibu mtoto, "Mwambie kukhu wako nimefunga." Brian akawa anasimama katikati, hajui ageukie wapi, na sisi tunajiona watu wenye adabu.

Basi nilianza kuziba kutoka upande wa juu wa mto, mimi na akina mama wawili wa kanisa. Wesonga alianza kutoka upande wa chini na wadogo zake. Tukazidi kukaribiana. Siku moja nikainua macho nikaona shati lake la bluu liko karibu kuliko inavyofaa, nikashusha leso usoni, nikawaambia wenzangu leo inatosha. Nikarudi asubuhi nikamkuta amefika kabla yangu, nikageuza. Jioni akaja yeye, akaniona, akageuza. Tukaendelea hivyo, kila mmoja akimpisha mwenzake, mpaka kikabaki kipande cha katikati, urefu wa nyumba moja hivi, pale pale palipobonyea. Mimi nikasema moyoni, hicho atamaliza yeye nikishaondoka. Naye, kama alivyokuja kueleza watu, alisema hicho watamaliza mama na wenzake wakipata nafasi. Hatukuulizana. Brian alikuwa amepelekwa kwa bibi yake mwingine, kwa hivyo hapakuwa na mdomo wa kutumia.

Mzee wa kijiji akapita kwa mbali, akaona huku pamezibwa na kule pamezibwa, akatangaza kwamba kazi imeisha.

Hapa nakupa kitu kimoja, na ukikitupa shauri yako. Ukigawana kazi na mtu, awe ndugu, awe rafiki, awe mke utakayeoa, anzeni katikati mkienda pembeni. Pembeni kila mtu atapafikia tu, kwa sababu ni kwake. Katikati ndipo watu wanapoachiana, na kila mmoja anaenda kulala akijisifu kwamba amemheshimu mwenzake.

Siku ya maji hata mvua haikunyesha kwetu. Ilinyesha huko juu milimani, na mto ukatuletea asubuhi, rangi ya kahawa, umebeba mabua ya watu tusiowajua. Niliusikia kabla sijauona. Nikachukua magunia mawili na jembe nikaenda kwenye kile kipande, kwa sababu nilijua, kama wewe unavyojua mahali ulipoweka saruji kidogo. Na nilipofika, Wesonga alikuwa kule upande wake, peke yake, anatupa udongo kama mwendawazimu.

Kwa mara ya kwanza hatukupishana. Mimi nilisimama ukingo wa huku, yeye ukingo wa kule, na maji yalikuwa yameanza kupita juu kati yetu, membamba bado. Akaingia katikati na gunia. Ndipo tuta likateleza. Halikuangukia mtoni, liliteleza kuelekea mashambani, polepole, yeye akiwa juu yake, na lilipotulia alikuwa amezama kwenye matope mpaka kiunoni, ameshika nyasi za nepia kwa mkono mmoja, maji yanampitia mabegani. Alikuwa upande wangu. Ningepiga magoti ningemfikia.

Alinitazama. Tangu amchukue dada yako hakuwahi kunitazama. Akasema, "Mama, nipe mkono."

Hakumtuma mtoto. Hakusema mwambieni kukhu. Aliniambia mimi.

Nilishusha leso usoni nikageuza mgongo, nikaanza kupiga kelele kuita watu. Nilipiga kelele vizuri sana, hakuna anayeweza kusema sikupiga. Watu wakaja na kamba, wakamtoa akiwa hai. Lakini walipokuwa bado wanakimbia, kipande chote kilikatika na donge la udongo likalalia mguu wake, na mguu ule ndio wewe unaoenda sasa kuufanyia kazi Lugari, kwa sababu wenyewe haumfai tena kupanda trekta wala kusukuma jembe la ng'ombe. Maji yakapita kwake, si kwangu. Nyumba yao ikalala chini, miwa ikafunikwa na mchanga. Shamba letu liko juu kidogo, likabaki vile vile, kijani, na watu wakipita wanalitazama kisha wananitazama mimi.

Rispa alikuja hapa mara moja tu baada ya hapo, kuchukua nguo za Brian zilizokuwa zimeanikwa kwangu. Nilimwekea kiti. Hakukaa. Hakuniuliza swali lolote, na mimi kwa ujinga wangu nikachukulia kwamba ameelewa. Kisha wakahamia Lugari kwa mjomba wa Wesonga. Wewe uliporudi kutoka mjini ulikiziba kile kipande kwa magunia peke yako, ukakataa hata nikuletee maji ya kunywa. Uliyanywa ya mto. Nilikuona.

Sasa nikuambie kilichoniudhi kuliko lawama zenu. Akina mama wa kanisa walikuja kunipongeza. Walikaa pale sebuleni wakasema, mama Rispa, ulishika heshima, mwingine angejisahau akaleta laana kwenye boma. Mmoja aliniletea ingokho mzima wa kunifariji, jogoo mwekundu. Nilimchinja na nikamla na obusuma, ugali wetu, na niliposhiba nilitaka kuwafukuza wote kwa ufagio. Huku nao wale wa kinu cha kusagia wamepata msemo. Kazi ikiachwa nusu, vyombo visipooshwa, wanasema hicho ni kipande cha mkwe. Wanasema nikiwa nimesimama kwenye foleni na debe langu kichwani. Hao nawachukia kidogo tu, maana angalau hawanisifu.

Na wewe pia, mwanangu, katika hasira yako yote, umeniheshimu kupita kiasi. Swali lako la mkono lilikuwa na maana kwamba mama ni mtu wa zamani, mila imemfunga macho, hakuweza kufanya vinginevyo. Umenichukia kama mtu anavyochukia ukuta. Hata hilo umekosea.

Kuna jambo hulijui, na dada yako halijui. Baba yenu alilijua na amekwenda nalo.

Nilipoolewa hapa nilikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa, na baba mkwe wangu ni huyo mzee ambaye jina lake umebeba. Alikuwa mtu mkali, mwenye sauti ya kufukuza mbwa wa majirani. Heshima kati yetu ilikuwa ile ile, mkaza mwana na baba mkwe. Sikuwahi kupita mbele yake, sikuwahi kula akiniona. Siku moja natoka kutafuta kuni baada ya mvua kubwa, nikamkuta ameanguka kwenye mfereji wa miwa, uso unaingia majini na kutoka, fimbo yake inaelea. Hapakuwa na mtu. Nilitupa kuni, nikashuka, nikamshika makwapani nikamvuta mpaka kwenye nyasi. Makwapani, Makokha. Kisha nikakimbia. Nikajificha jikoni kwa mama mkwe, sikula, nikingoja nirudishwe kwetu na aibu yangu.

Jioni alituma niitwe. Nilisimama nje ya nyumba yake na uso ukutani. Nilitarajia atamtuma mama mkwe anipe maneno, kama ilivyo desturi. Lakini alisema kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa amejifunika blanketi humo ndani, na kwa hasira: "Ulitaka nife kwa adabu? Maji hayana mkwe. Nenda ukapike."

Wazee wakachinja kuku, wakasema maneno yao, na tukarudi kwenye heshima yetu kama kawaida. Hatukugusana tena mpaka alipokufa. Ulipozaliwa baba yako alikuwa na jina lingine mkononi. Mimi ndiye niliyelikataa nikasema huyu ni Makokha.

Kwa hivyo niliposimama juu ya lile tuta nilijua. Mila ina mlango wake wa dharura na mimi nilishawahi kupita humo, nikafunguliwa na mtu mkali kuliko wazee wote waliobaki kijiji hiki. Hakuna ambaye angenilaumu. Wangechinja kuku, basi. Sikumnyima Wesonga mkono kwa sababu ya mila. Nilimnyima kwa sababu simpendi.

Simpendi tangu siku aliyomtoa Rispa chuoni. Alikuwa amebakiza kidogo sana avae ile nguo nyeupe ya wauguzi, nilishaonyesha watu picha, na kijana wa kufunga minyororo kwenye trekta la miwa akaja akampa ujauzito na nyumba ya udongo mita chache kutoka mlangoni kwangu. Hata kuja kujitambulisha walikuja mtoto akiwa anatembea. Simpendi anavyocheka, ule mcheko wa mdomo wazi. Simpendi kwa sababu Rispa alikuwa na furaha kule kwake, nilikuwa nawasikia, na furaha hiyo ilikuwa kama mtu ananizomea kutoka ng'ambo ya ua. Na mila ikanikuta pale na ubaya wangu, ikanipa ruhusa. Miaka yote ile nilikuwa na sababu safi ya kutomsalimia mtu ambaye sikutaka kumsalimia. Nikawa mama mkwe mwenye adabu kuliko wote.

Sikutaka afe. Usipoamini sitakubembeleza. Nilipogeuza mgongo nilikuwa nawaza jambo dogo, dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika kuliko lile kubwa. Nilitaka aniombe mara ya pili. Nilitaka nimsikie akiniomba tena, vizuri zaidi, na hapo ningegeuka. Yeye hakuomba. Nadhani alikuwa mstaarabu kuliko mimi, au alikuwa na matope mdomoni.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Mkono usingekatika.

Kwa hivyo ukifika huko usinitetee. Najua utanitetea, maana hasira yako ni ya ndani ya nyumba, ukitoka nje unakuwa mwanangu. Dada yako akisema mama ni mtu wa mila, usiitikie kwa kichwa upate kula kwa amani. Mwambie hapana. Mweleze habari ya mfereji na habari ya babu yake. Atanichukia upya, na iwe hivyo. Ile chuki aliyo nayo sasa ina huruma ndani yake, na huruma hiyo nimeiiba.

Na wewe mwenyewe, utakutana na watu usiowapenda, hata humo kwenye boma la mjomba wao. Wachukie kama huwezi kuacha, sikuombi uwe malaika, hatuna damu hiyo. Lakini wachukie wewe, kwa kinywa chako. Usitafute kitu kizuri cha kuifunika hiyo chuki, kanisa, au heshima, au uchovu. Mtu akikuchukia waziwazi unajua usimame wapi. Wesonga alisimama karibu yangu miaka mingi akidhani anaheshimiwa, ndiyo maana alipokwama hakusita kuniita.

Bado simpendi. Nisiandike uongo mwishoni baada ya kusema kweli njia nzima. Nilidhani mtu akishamlemaza mwenzake atampenda kwa kumwonea huruma, lakini wapi. Nikimfikiria na fimbo yake nakasirika zaidi, kama mtu anayedaiwa na anayemdai hasemi neno.

Lakini jana mchana nilimpigia Rispa. Nilitaka kuuliza kama wana godoro la kukulaza, au nilijidanganya hivyo. Simu ikapokewa, nikasema, "Rispa." Nikasikia pumzi, na haikuwa pumzi ya mwanamke. Nikajua ni yeye, naye alijua ni mimi, jina langu lilikuwa pale kwenye kioo. Angeweza kukata. Angeweza kumwita Brian, nilimsikia mtoto akicheza hapo karibu. Akakohoa kile kikohozi chake, akasema, "Mama, huku mvua imeanza. Huko je?"

Nilikata simu.

Nilikaa na ile simu mapajani mpaka uji ukaungua. Unaelewa alichokuwa anauliza. Mtu aliyewahi kuishi chini ya tuta lile haulizi mvua kwa kutafuta mazungumzo. Alikuwa ananiuliza mimi, ambaye kesho ninabaki hapa peke yangu na magunia yako, kama niko salama. Na mimi nikageuza mgongo tena, safari hii hata leso sikuwa nayo.

Nimejaribu kupiga leo. Naitafuta namba, naitazama, naweka simu chini. Labda iko siku nitaweza, lakini leo siwezi, na mvua haingoji. Kwa hivyo ukifika, kabla hujatua mzigo, kabla hujamsalimia dada yako, mtafute Wesonga popote alipo. Mwambie huku pia imeanza. Mwambie mto bado uko chini. Na akidhani ni wewe umejitungia ili kutupatanisha, mwambie hapana, hayo ni maneno ya mama, anakujibu.

Mama yako